Nyayo za Malori Mlangoni pa Dada

Miaka ya sabini dada yangu alikuwa na hoteli ndogo ya chai na maharagwe pale Maungu, kando ya barabara ya Mombasa, nami nilimsaidia kuosha vyombo. Maji yalikuwa ya shida, hata yale machafu hatukuyamwaga ovyo. Yalikuwa na kazi yake, na kazi hiyo ndiyo nataka kuieleza.

Tairi jipya lina meno. Meno hayo ndiyo yanayoshika barabara, hasa mvua ikinyesha. Yakiisha, tairi linabaki kipara, na siku moja litateleza au litapasuka. Kila dereva alilijua hilo. Shida ilikuwa kumwambia kwamba lake limefika hapo. Kwetu, kumtajia mtu ajali wakati anataka kuondoka ni kama kumwombea mabaya. Dada alijaribu mara moja, na yule dereva akaacha chai yake mezani, akaenda zake amenuna.

Basi akabuni njia nyingine. Mbele ya mlango, pale malori yalipokata kona kuja kuegesha, alilainisha kipande cha udongo wetu mwekundu kwa jembe, akakisawazisha kwa ubao, akakilowesha kwa maji ya vyombo. Ukizidisha maji unapata tope, ukiyapunguza unapata vumbi. Udongo unatakiwa uwe kama unga wa chapati uliokandwa. Nilimuuliza kwa nini pale kwenye kona. Akanieleza kwamba lori likienda moja kwa moja, gurudumu la nyuma hufuta alama za la mbele, lakini likikata kona kila moja hupita njia yake.

Dereva akimaliza kula, dada alimwita kwa upole: "Njoo, baba, uone nyayo zako." Neno ajali hakulitaja. Penye meno palikuwa na mistari kama nywele zilizosukwa. Penye kipara palikuwa laini tu, kama mtu amepitisha kiganja.

Madereva waliupenda mchezo huo.

"Wewe, gari lako linatembea pekupeku!"

"Na lako je? Limenyolewa hadi utosini!"

Wakichekana hivyo, wengi walishusha tairi la akiba palepale.

Aliyekataa ni mmoja tu: shemeji yangu, mume wa dada. Yeye aliegesha lori lake nyuma ya hoteli, karibu na banda la mbuzi, ili asipite kwenye udongo. "Mimi nilioa mpishi," alisema, "sikuoa askari wa trafiki."

Jumamosi moja alitakiwa awapeleke akina mama wa kanisa kwenye harusi Kasigau, wao na masufuria yao, na watoto mgongoni. Mvua zilikuwa zimeanza, na barabara ya Kasigau ilikuwa mbaya hata wakati wa kiangazi. Dada hakubishana naye. Alfajiri alichukua jembe, ubao na ndoo, akaenda kule nyuma kwenye banda la mbuzi.

Shemeji alipolizungusha lori kuja mbele, lilipita juu ya udongo huo, na akina mama walikuwa wanamngoja palepale bandani. Mama mmoja mzee, mwimbishaji wa kwaya, aliinama akautazama udongo.

"Mwanangu, hili gurudumu la mbele kushoto limepita au limeruka?"

"Limepita, mama."

"Mbona halikuaga?"

Wakaangua kicheko. Shemeji alishuka, akaangalia ile alama laini, kisha akawaangalia watoto waliolala migongoni. Hakucheka. Dada alikuwa dirishani akijifanya anapanga vikombe.

"Tairi zuri unalo," alimwambia kwa sauti ndogo.

"Nalitunza, mama watoto. Nikilitumia litachakaa."

Alijisikia mwenyewe akisema hivyo. Akavua kofia, akajikuna shingo, akaenda kuchukua jeki. Waliondoka wamechelewa, wakiimba.

Siku nzima dada aliacha chai ichemke hadi ikafurika. Jua likikaribia kuzama, lori likatokea, limejaa matope hadi milangoni. Halikwenda nyuma. Lilikata kona pale mbele, polepole, juu ya udongo wa dada. Shemeji akaruka chini na bakuli la wali wa harusi mkononi, akachuchumaa, akakagua alama za gurudumu moja baada ya jingine kabla hajamsalimu mtu yeyote.

"Mama watoto," akaita, "huku kumekauka. Ongeza maji."

Dada alikuwa ameshaishika ndoo.