Staring wetu alifia kwenye katuni, mheshimiwa akaja matangani

Wakuu, habari za huko mliko.

Hii ninayowaletea si ya kuambiwa. Mic ilikuwa mkononi mwangu mwenyewe, na kuna watu wa Kariobangi humu ndani ambao watanisuta nikiongeza chumvi.

Kwa wasionijua, mimi ni DJ wa movie. Si DJ wa harusi. Kwenye kibanda cha video cha Mama Atieno, pale karibu na mafundi wa masufuria, tunaweka movie ya Kizungu, tunapunguza sauti, halafu mimi nakaa pembeni na mic nikitafsiri papo hapo kwa Kiswahili chetu. Mzungu akisema maneno matatu, mimi nasema thelathini. Watu hawaji kwa sababu ya yale matatu.

Kazi ina sheria zake. DJ haangalii movie mapema, kwa sababu ukishajua mwisho unaanza kuongea kama mwalimu wa zamu.

Na juu ya sheria zote kuna hii: staring hadedi. Shujaa mkuu wa movie hafi. Anaweza kupigwa risasi, kutupwa kutoka ghorofani, hata kuachwa na bibi, lakini mwisho lazima ainuke ajipanguse vumbi. Watu wamevumilia mambo mengi wiki nzima, hawawezi kuja kukaa kwenye benchi la mbao kuona hata huyo akishindwa.

Sasa kuna series ya masuperhero ambayo tuliifuata season zote. Hawa si wale wa kuokoa paka mtini. Wameajiriwa na kampuni inayowauza kama sabuni. Kamera zikiwaka wanabeba watoto wa watu, zikizimwa wanaiba, wanalewa, wanaua na kuomba msamaha kwa press conference. Kariobangi tuliielewa siku ya kwanza. Hakuna aliyeuliza swali.

Staring wake alikuwa na jina gumu la Kizungu. Mimi nikambatiza Sospeter.

Nikamfanya mtoto wa mtaa wa Mbotela aliyekwenda majuu kutafuta kazi, akapata ya kuruka. Watu wakamchukua kama wao. Nikipita sokoni akina mama wanaouza samaki wa omena wananiuliza, "Na Sospeter anaendeleaje?" Najibu bado anapambana.

Shida ni kwamba series iliisha, na watu wakapungua. Mama Atieno akaniita kando akaniambia bila kuzunguka.

"Omera, ndugu yangu, mimi sina ubaya na wewe. Lakini benchi haziwezi kukaa tupu hivi. Jumapili hii usipojaza hapa, naleta pool table. Pool table haitaki mic."

Wakuu, mimi sina kazi nyingine ninayoijua. Sikulala vizuri.

Ndipo jamaa wa duka la movie akaniambia ile series imezaa. Kuna spin-off, ya watu wazima, imetoka juzi. Sikuuliza zaidi. Nikabeba flash, nikaandika kwa chaki pale nje: SOSPETER AMERUDI.

Jumapili mchana kibanda kilijaa mpaka mlangoni. Mbele kabisa alikaa Mzee Wafula, aliyefanya kazi reli maisha yake yote, mtu ambaye hajawahi kukosa. Nikabonyeza play.

Ikawa katuni.

Watu wakageuka kuniangalia. Halafu nyuma mtu akasema, "DJ, hii umetuletea ya kina baby class?"

Nikashika mic. Nikasema Sospeter amechorwa kwa sababu anajificha, ukiwa mchoro huwezi kushikwa. Wakanung'unika, wakakubali. Katuni yenyewe ilikuwa na damu na matusi ya kutosha, kwa hivyo hakuna aliyeuliza tena mambo ya baby class.

Kichwa kikubwa cha duara kikatokea kimevaa kofia na joho. Nikatangaza, "Huyu ndiye Sospeter!" Watu wakapiga makofi. Kichwa kikaruka kwenda kufungua supermarket mpya, kikaangalia kamera badala ya kuangalia mbele, kikagonga nguzo ya stima.

Kikafa. Kufa kabisa. Yakaja majina ya walioitengeneza na muziki.

Nimekuja kuelewa baadaye kwamba zile zinaitwa anthology. Kila episode ni hadithi yake, watu wake, hata mchoraji wake. Hakuna staring mmoja. Sasa nani angeniambia, na sheria ni kutoangalia mapema?

"Staring amededi!" mtu akalia. "Hata hatujakaa vizuri!"

"Hajadedi," nikasema. "Tulieni."

Episode ya pili ikaanza na bibi mzee, amechorwa kwa mistari kama ya makaa, ana nguvu za kugandisha maji, anawauzia majirani barafu. Nikasema huyo ni Sospeter. Alijifanya amekufa kukwepa watu wa kodi, sasa amevaa kanzu ya shosho. Watu wakacheka, wakanirudia. Bibi naye akagandisha bomba la mtaa mzima, majirani wakamuua.

Ya tatu staring ni mbwa wa rangi ya buluu. Nikasema Sospeter amegeuzwa mbwa, mganga wa majuu hana huruma.

Ya nne hakuna anayeongea, ni vivuli tu. Hapo nilitafsiri upepo.

Wakuu, nilikuwa natoka jasho kama mtu anayesonga ugali wa matanga. Kila Sospeter akifa namfufua na jina lile lile. Cha ajabu, watu walipenda. Uongo ulivyozidi kuwa mkubwa ndivyo benchi zilivyozidi kutulia. Mama Atieno alisimama mlangoni akihesabu vichwa, na nikamwona anatabasamu. Nikajua pool table imekwama.

Ikaja ya mwisho. Safari hii alikuwa yeye hasa, Sospeter wetu wa series, na ile suti yake. Kibanda kikalipuka kwa shangwe.

Amezeeka. Mgongo unamuuma, anaruka chini chini. Kampuni inamwita juu kwenye roshani, wanamshukuru kwa utumishi wake, wanamvua ile suti, halafu wanamsukuma. Hawezi kuruka tena. Anaanguka, anakufa kando ya barabara na chupi tu, na watu wanapita. Picha inarudi juu: kijana mwingine anafunga zipu ya suti ile ile, na umati unashangilia hauoni tofauti.

Nikawa tayari kusema kwamba huyo kijana ndiye Sospeter, amekunywa dawa ya ujana. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Mzee Wafula akasema polepole, bila kugeuka, "Hata langu koti la reli walimpa mtu wiki hiyo hiyo niliyostaafu. Halikuwa limekauka jasho."

Sikuweza. Nikasema kwenye mic, "Amekufa. Huyo si yeye. Wamemvalisha mwingine."

Nilingoja kurushiwa chupa. Badala yake Mzee Wafula akasimama, akavua kofia yake. Wengine wakasimama. Mama mmoja akaanzisha wimbo wa msiba wa kanisani kwao, akina mama wote wakaupokea. Ilianza kama utani, wakuu, na watu walikuwa wanacheka, lakini wengine walikuwa wanapangusa macho kweli. Mnajua sisi, mtu akifa kinachofuata ni kamati ya mazishi. Mzee Wafula akateuliwa mwenyekiti pale pale.

Nje, vijana wa mheshimiwa fulani anayetafuta kiti cha wadi walikuwa wanapita. Wakasikia wimbo wa msiba, wakaona umati, wakauliza nani amefariki. Mtu mlangoni akawajibu, "Sospeter wa Mbotela." Hakudanganya. Tangu season ya kwanza ndiko kwao.

Haikuchukua muda. Mheshimiwa mwenyewe akaingia na suti nyeusi, uso umekunjwa tayari. Sijui hiyo suti huwa inakaa wapi. Mtu fulani akazima TV.

Mzee Wafula akamkaribisha kwa heshima zote. "Asante kwa kufika, mheshimiwa. Marehemu ulimfahamu?"

"Sospeter?" akashika kifua. "Mzee, tumekaa dawati moja. Huyo alikuwa kijana mchapa kazi sana."

Hakuna aliyecheka. Bado sijui waliwezaje.

Halafu akamgeukia Mama Atieno, akamuuliza kama hapa ndipo nyumbani kwa marehemu. Mama Atieno, ambaye ana akili kunishinda, akasema ndiyo, hapa ndipo alipokuwa akiishi. Mheshimiwa akaahidi viti vipya, vilivyokuwa tayari nje kwenye gari lake, na TV kubwa, kwa heshima ya rafiki yake. Mama Atieno akaniangalia. Nikajua anachotaka: niache mambo yapite.

Mheshimiwa akaanza hotuba, kwa Kizungu. Kiswahili chake ni cha kuomba kura, cha kulilia ni Kizungu. Kizungu kikawa kirefu. Nyuma pale mtu akapaza sauti:

"DJ, tafsiri!"

Kibanda kizima kikadakia. "Tafsiri! Tafsiri!" Mheshimiwa akafurahi, akanipungia mkono nimsaidie.

Nikachukua mic. Siku nzima nilikuwa nimemfufua mtu asiyefufuka, na hii ilikuwa rahisi kuliko zote. Ningesema tu kwamba mheshimiwa analia na sisi, viti vingeshushwa, kazi yangu ingebaki. Lakini Mzee Wafula alikuwa bado amesimama na kofia mkononi.

Nikasema, "Mheshimiwa anasema yeye hakumjua marehemu. Anasema hata nyinyi hajawahi kuwajua. Ameona watu wengi, akaona aingie."

Halafu kile kicheko, wakuu, nina hakika kilisikika mpaka Komarock.

Mheshimiwa Kiswahili anakijua vizuri sana. Aliondoka na viti vyake.

Mama Atieno alinuna, na ana haki. Wiki hiyo pool table ikaingia kama alivyosema. Mic imefungwa kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati langu. Mchana naosha pikipiki za watu. Sitawadanganya kwamba siumii. Naumia, hasa Jumapili.

Lakini nikipita sokoni akina mama wa omena hawaniulizi tena habari za Sospeter. Wananiuliza mheshimiwa alisema nini jana kwa redio. Nasimama pale na ndoo yangu, nawatafsiria.

Nilichojifunza: angalieni movie mapema. La pili, watu wetu wanajua uongo vizuri kuliko tunavyodhani. Wanaupokea tu kutoka kwa yule anayewapenda.

Karibuni mseme. Ungekuwa wewe, na viti viko nje kwenye gari, ungetafsiri vipi?