Bwawa Lililotakata

Mtunza mabwawa wa chuo kile alifanya kazi yake kwa macho na pua. Miaka kumi na tisa aliyaangalia mabwawa matatu ya majitaka nyuma ya mabweni, na kila asubuhi, kabla hata ya kuvaa mabuti, alichungulia rangi ya maji. Yakiwa ya kijani kama mchicha, mambo shwari. Mwani uko kazini: unapata jua na kutoa oksijeni, bakteria wanaivuta hiyo oksijeni na kuusaga uchafu, na uchafu ukishasagika unakuwa chakula cha mwani. Wenye elimu huuita mzunguko huo mfumo ikolojia. Yeye aliwaita "vijana wangu", na ole wake aliyewagusa.

Bintiye alipojifungua, alichukua likizo ya wiki mbili na kumwachia kazi shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Huyu walimbandika jina la Msafi, maana hakuna kitu asichokipangusa vumbi, hata ufagio.

Jumatatu aliporudi, Msafi alimpokea getini, meno yote nje.

"Shemeji, njoo ujionee! Ule ukijani nimeukomesha."

Bwawa la pili lote lilikuwa limefunikwa neti nyeusi za kitalu, zile za kukinga miche na jua, ukingo hadi ukingo. Chini yake maji yalikuwa maangavu, matope ya chini yanaonekana. Na yalinuka kama mayai viza.

Mtunza mabwawa alikalia ndoo. "Umewanyima jua. Umewaua."

"Nimemuua nani tena, jamani?"

Alimweleza, tena kwa ukali, kwa sababu Ijumaa mkaguzi angekuja na mashine yake ya kupima oksijeni. Barua yake ya mwisho ilikuwa wazi: kipimo kikishuka chini ya nne, mabwawa yatafukiwa na majitaka yatabebwa na malori. Na mtunza mabwawa asiye na mabwawa anatunza nini? Msafi alinywea. Mtu wa watu alidhani anamfurahisha shemeji yake.

Bwawa la kwanza ni la kutuamisha tope tu, halina mwani; lakini bahati yao, neti hazikutosha kufunika bwawa la tatu. Huko kijani kilikuwa kimesimama vilevile. Wakang'oa neti zote, wakafunga pampu ndogo na kuanza kuyarudisha maji ya bwawa la tatu kwenye la pili, ili mwani ulio hai ukazaane upya. Pampu ilipochoka walitumia ndoo. Msafi alibeba bila kusukumwa, shati jeupe likageuka rangi, na hakulalamika hata mara moja.

Jumanne, hakuna kitu. Jumatano, hakuna kitu, na mtunza mabwawa hakula mchana. Alhamisi jua lilipopanda alichota maji kwa glasi, akainua juu, akakodoa macho.

"Shemeji, hebu angalia wewe. Mimi sijiamini."

Msafi aliangalia weee. "Kama... yanataka kuwa kijani."

Ijumaa mkaguzi, mama mnene asiyecheka, alitumbukiza waya wa mashine yake kwenye bwawa la pili. Namba zilipanda, zikasita kwenye tatu, zikapanda tena. Mtunza mabwawa alishika mkono wa shemeji yake mpaka ukamuuma.

"Sita na nusu," alisema mkaguzi, akaandika. "Endeleeni hivyohivyo."

Gari lake lilipotokomea, mtunza mabwawa alikaa chini kwenye nyasi na mabuti yake, akalia, kisha akacheka, kisha akalia tena. Msafi alianza kukusanya vifaa. Ndoo moja ilikuwa na utando wa kijani ndani. Kwa mazoea aliibeba hadi bombani, akashika brashi.

Akasita. Akaigeuza ndoo huku na huku, kisha akamtazama shemeji yake.

"Hii niiache?"

"Iache."

Akairudisha ukingoni mwa bwawa, polepole, akaiweka juani.