Ukuta wa Jikoni kwa Kemboi

Tangu Kemboi astaafu jeshi, mtaa wetu huku Lanet haujajua utulivu. Mimi ni jirani yake. Tunatenganishwa na ua wa michongoma tu, na cherehani yangu iko dirishani, kwa hiyo nitake nisitake namwona. Mtu huyu hajui kukaa. Alipaka chokaa mawe ya njia ya gari ilhali gari hana. Akahamisha banda la kuku, akalirudisha, akalihamisha tena, mpaka kuku wenyewe wakawa hawajui walale wapi. Miaka yake yote ya kazi alikuwa stoo kambini, akipokea na kutoa mabuti, mablanketi na masufuria, na kila kitu kilikuwa na mahali pake. Sasa alibaki na ploti moja, mke mmoja na siku nzima mbele yake.

Aliyeumia ni mke. Sally ni mwanamke mpole, lakini upole si ujinga. Kemboi alilelewa Mogotio, na tangu atoke jandoni hakuwahi kuketi jikoni hata kwa mamake mzazi, ila baada ya kustaafu aliingia jikoni kwa Sally kama aliyetumwa kukagua. Akapanga masufuria kwa ukubwa. Akataka chai iwe mezani saa kumi na mbili unusu, si dakika moja baadaye. Akauliza kwa nini chumvi iwekwe huku na majani ya chai kule. Sally alinisimulia haya akicheka, baadaye akawa anasimulia bila kucheka, mwishowe akaacha kusimulia. Binti yao Cherop alipojifungua kule Eldama Ravine, Sally akafunga safari kwenda kumlea mzazi na mtoto, kama desturi ilivyo. Kitovu cha mtoto kikadondoka, mtoto akaanza kucheka, akaanza kuketi bila kushikwa. Sally hakurudi.

Hapo Kemboi akaanza kuogopa. Hakutamka kwamba anaogopa, lakini mimi nina macho. Kila asubuhi alisimama langoni, mahali simu inaposhika vizuri, akampigia. Nilikuwa nikisikia upande wake tu: mvua imenyesha, mbwa amepona, unarudi lini. Majibu yalikuwa mafupi, kwa maana simu ilikatika haraka, naye akabaki ameiangalia mkononi. Kisha akatafuta kitu cha kufagia.

Asubuhi moja pikapu ikamletea maboksi ya vigae na magunia ya gundi ya unga. Aliniita uani, mikono nyuma kama kawaida yake, akaniarifu kwamba atampa Sally jikoni pa kisasa. Sally alikuwa amelalamika miaka mingi juu ya mafuta yanayorukia ukuta nyuma ya meko ya gesi, yasiyotoka hata ukisugua na nini. Nikauliza fundi ni nani. Akasema fundi ni yeye, ameona kwenye simu jinsi inavyofanywa, si kazi ya kumshinda mtu mzima. Akimaliza, Sally atarudi. Nilimhurumia na nikakasirika naye papo hapo, na sijui lipi lilitangulia.

Sasa, nyumba zetu nyingi huku jikoni zimepakwa rangi ya mafuta, ile inayong'aa, bluu chini na nyeupe juu. Kemboi alibandika vigae vyake juu ya rangi hiyo hiyo. Kesho yake nikasikia kishindo, nikadhani kabati la vyombo limeanguka. Gundi ilikuwa imekataa kushika, na safu yote ya kwanza ilikuwa sakafuni vipande vipande. Mwingine angekata tamaa. Yeye alitoka na nyundo na patasi, akaanza kuuchokoa ukuta mzima ili uwe na vidonda vya kushikilia gundi, na vumbi lake likapita michongoma likatua kwenye mashati meupe ya shule niliyokuwa nikishona.

Nilivuka kwenda kugombana, nisiseme uongo. Nikakuta masufuria ya Sally yamepangwa nje kwenye nyasi, kubwa hadi dogo, na Kemboi ndani, mweupe mpaka kope. Alikuwa na furaha. Alinionyesha ukuta uliochokolewa kana kwamba ni shamba alilolima, na yale maneno niliyokuja nayo yakaniisha mdomoni. Nikajikuta nimemshikia ndoo.

Akaanza tena, safari hii kutoka kona ya kulia karibu na mlango. Alikuwa akibandika kigae, anarudi nyuma mpaka ukuta wa pili, anafumba jicho moja, anakisogeza kilingane na mwenzake aliyetangulia. Nilipomuuliza ni mtindo gani huo, alinieleza kwa fahari kwamba gwaride hupangwa hivyo: wa kulia anasimama, kila anayefuata anamtazama jirani yake.

"Wa kwanza akisimama sawa, Mama Levis, wote wako sawa," akasema.

Tatizo ni kwamba wa kwanza hakusimama sawa. Alikuwa ameinama kidogo tu, jambo ambalo jicho halioni. Wa pili akamfuata, wa tatu akaongeza lake, na kufikia dirishani safu ilikuwa imepanda hata ungeweza kupitisha kidole kati ya kigae na meza ya saruji. Nikamwambia hata mimi pindo la sketi silishoni kwa kufuata mshono wa pembeni, nachora mstari kwa chaki kwanza, kisha kitambaa kinafuata mstari. Alisema nguo ni nguo. Akajaribu kuisukuma safu yote kwa viganja ili ishuke, vile vya juu vikateleza, na akaanza kuuzungumzia ukuta vibaya, kama mtu mwenye kiburi aliyekataa amri.

Kisha akasema lazima amalize kabla ya Jumamosi, maana Sally anakuja Jumamosi. Nilifurahi. Nikauliza kama Sally amesema hivyo mwenyewe. Akajibu kwamba hapana, yeye ndiye aliyemwambia aje Jumamosi.

Hapo subira yangu ikaisha.

"Baba Cherop, Mama Cherop hakutoroka ukuta."

Aligeuka na mwiko wa gundi mkononi. "Alitoroka nini?"

"Aliniambia amechoka kukaa barracks na hajawahi kuandikwa jeshi."

Aliufuta ule mwiko kwa kitambaa, upande mmoja, upande wa pili, tena upande wa kwanza, ingawa ulikuwa umetakata zamani. Niliaga na kuondoka. Nikarudi kwa cherehani yangu nikashona mkono wa shati ndani nje, kwa sababu nilijua nimeingilia nyumba ya watu na siwezi kuyarudisha yale maneno.

Alasiri akatoka langoni na simu. Nilijikaza nisisikilize, nikasikiliza. Hakutoa habari za mvua wala za mbwa. Alimuuliza Sally alitaka vigae vifike wapi, mpaka dirishani au mpaka dari. Alimuuliza rangi, akakiri kwamba hakuwa amemuuliza kabla ya kununua. Halafu akawa anaitikia tu. Alipokata simu alinijia uani, akaniambia Sally amesema auache ukuta ulivyo. Asiongeze kigae hata kimoja, wala asitoe, mpaka yeye mwenyewe afike. Nikauliza atafika lini. Akasema siku hajaambiwa.

Sijapata kuona mtu akiteswa na ukuta namna ile. Nusu yake ilikuwa nyeupe imepinda, nusu ya kijivu imechokolewa, na gunia la gundi lililofunguliwa lilikuwa likivuta unyevu kila siku, kwenda kuwa jiwe. Kemboi alitembea mpaka barabara kuu ya Nairobi, akarudi, akaenda tena. Alifagia palipofagiliwa. Alinitengenezea lango langu ambalo halikuwa limeharibika, na tangu siku hiyo halifungi vizuri. Siku moja nilisikia nyundo nikatupa kitambaa na kukimbia, nikamkuta anapigilia sanduku la kutagia kuku, na alinitazama kama mtoto aliyekamatwa akilamba sukari.

"Hii kungoja ni kazi mbaya," akaniambia.

Jumamosi ikaja, ikapita. Alioga mapema, akavaa shati safi, akakaa nje mpaka kuku wakaingia bandani. Baada ya hapo nilianza kumwona asubuhi jikoni akijichemshia chai mwenyewe mbele ya ule ukuta, na siku moja akanieleza kwa mshangao kwamba mvuke wa birika huelekea upande wa dirisha, na chumvi ukiiweka huko inalowa. Kumbe ndiyo maana. Alilirudia mara mbili: kumbe ndiyo maana.

Sally alikuja katikati ya juma, bila kumwambia mtu, begi begani. Nilimwona akipita dirishani kwangu, nikamfuata na futi ya kamba bado shingoni. Tulipofika jikoni alisimama mlangoni, akautazama ukuta wote kutoka kulia hadi kushoto. Akapitisha kiganja juu ya vigae, mpaka pale safu ilipopandia, kisha juu ya vidonda vya saruji. Kemboi alikuwa nyuma yetu, nje ya mlango. Hakuingia. Mikono yake haikujua ikae wapi.

"Mbona huku hujaweka?" Sally akauliza.

"Ulisema niache."

"Na ukaacha?"

"Nikaacha."

Alimgeukia akamtazama muda mrefu. Mimi nilijua ni adabu niondoke, lakini miguu ilikataa.

"Vimepinda," Sally akasema. "Toa vyote."

Kemboi akafungua mdomo. Naujua mdomo ule. Ulikuwa na maelezo ndani yake, ya gwaride, ya ukuta uliojengwa vibaya, ya gundi, ya yote aliyofanya. Akaufunga, akazunguka nyuma ya nyumba kutafuta nyundo.

Sally akatua begi.