Kiingereza cha Kumsemea Mama

Mwanafunzi wangu wa zamani amefariki Palma, kwa malaria, angali binti mbichi. Wasomaji wa safu hii mnajua kuwa nafundisha Kiingereza chuo kikuu, Pemba yetu hii ya Msumbiji, na mmezoea kunisikia nikiwalalamikia wanafunzi. Leo mnivumilie, huyu nilimpenda.

Alianza masomo wakati gesi imegunduliwa baharini na kila kinywa kinasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nililiuliza darasa kwa nini linataka Kiingereza. Wote walijibu emprego, yaani ajira, wala sikuwalaumu, kazi ni kazi. Yeye akasema, "Mie, mwalimu, nataka mamaangu asikiwe." Wenzake wakacheka. Akaeleza kuwa wageni wa gesi walifika kijijini kwao, karibu na Mute, kuzungumzia kuwahamisha watu. Mama yake alisimama akasema kwa kirefu: haondoki mpaka ajue makaburi ya wazazi wake yatahamishwaje, na nani atayasomea dua. Mkalimani akawageukia wageni, akasema maneno machache tu. Binti alikuwa na Kiingereza kidogo cha sekondari, lakini kilitosha kuelewa kilichosemwa: mama amekubali. Hakikutosha kumsahihisha mkalimani. Alirudi nyumbani analia.

Basi alikisoma Kiingereza kwa hasira, na hasira ile ilimfundisha kunishinda mimi. Likizo moja alinialika kwao, kwenye mkutano mwingine. Safari hii alitafsiri yeye, hadi salamu za mama na namna alivyowaulizia wageni hali za watoto wao. Mgeni mmoja akatazama saa. Mkalimani akamnong'oneza binti afupishe. "Kaka, mama hajamaliza," akamjibu, akaendelea. Nilijivuna kama nimemzaa mimi. Wageni waliondoka bila kuandika kuwa mama amekubali, wakaahidi kurudi kuyaona makaburi kwanza.

Msibani mama yake alinishika mkono. "Mwalimu, wale watu wanarudi. Nani atanisemea?" Nimekula mshahara wa Kiingereza miaka yote hii, na hakuna aliyewahi kuniomba nikitumie kwa jambo zito namna hiyo. Nimemwambia nitakwenda, na ninaogopa. Someni mpate kazi, wanangu, sitawakataza. Ila mjue kwamba kila mmoja wenu ana mtu kwao mwenye maneno kamili, na mtu huyo anangoja yafike yote.