Heshima Haishikilii Pangaboi

Iko siku moja naikumbuka kila nikisikia kitu kinalia darini, mwanangu Lusajo. Jana imenirudia tena, nilipokukuta umepiga magoti mbele ya soketi, unachokoa tundu la juu kwa kijiti cha kibiriti ili chaja ya pini mbili iingie. Najua umeiona kwa wakubwa. Hapa Mpemba, nyumba nzima tunayopanga wanafanya hivyohivyo, na akikosa kijiti mtu anachukua hata ncha ya mkasi. Nilikunyang'anya, nikakufokea mpaka jirani akachungulia. Leo hasira imepoa, basi kaa nikueleze taratibu. Mvi sina bado, lakini hili nililiona kwa macho yangu, na wewe ulikuwepo.

Ulikuwa hujaanza kutembea. Tulikwenda Isongole kumsalimia babu yako, majira yale ya joto kabla mvua hazijaanza. Baba yako mdogo, Ambakisye, alikuwa amemletea mzee pangaboi kutoka Tunduma na kulifunga mwenyewe darini, sebuleni. Kijiji kizima kilipita kulitazama. Babu akahamishia kiti chake chini ya pangaboi hilo, na tulipofika, akakupakata hapohapo. Ulikuwa unacheka, upepo unakupeperusha nywele.

Sasa uielewe desturi. Kwetu Wandali, mkamwana hamsemeshi baba mkwe wake uso kwa uso, wala haingii alipoketi. Babu yako anaishika sana, nami siidharau. Ni adabu tuliyolelewa nayo. Lakini watu wakiishi pamoja hawakosi la kuambiana, kwa hiyo nyumba ile ina njia yake: unazungumza na kuku. Unasimama uani, unamwambia kuku unalotaka mzee asikie, naye anamjibu kuku huyohuyo.

Nilikuwa uani nachambua maharage. Mlango ulikuwa wazi, nikasikia tik, tik, tik. Nikainua macho. Pangaboi lilikuwa linayumba kama mlevi anayetafuta njia ya kwao. Kile kikombe cha juu, kinachofunika ndoano, kilikuwa kimeachana na dari, kidole kingepita. Na chini yake, wewe.

Baba yako alikuwa ameenda sokoni. Nikamgeukia kuku.

"We kuku," nikasema kwa sauti, "usikae chini ya pangaboi hilo. Limelegea juu. Litakuangukia na kifaranga chako."

Kisha babu yako, bila kugeuka, akasema, "Kuku, umesomea umeme wapi? Darasa la mahindi?"

Wote waliokuwa sebuleni wakaangua kicheko. Nakwambia ukweli, hata mimi nilikaribia kucheka. Nikamwambia tena kuku, "Halihitaji kusoma. Kitu kizito kinachoning'inia kikiyumba, kinang'oa kilipofungwa. Basi ampe mtu mtoto huyo amlete nje."

Ambakisye akatoka mpaka mlangoni, mikono mfukoni. "Shemeji, hilo nimelifunga mimi. Kuyumba ni kawaida yake, bado jipya."

"Jipya ndiyo liachane na dari?"

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, shemeji. Mzee ameshasema."

"Guu la nani, Ambakisye? Anayekaa pale chini ni mwanangu."

Akacheka. Unajua alifanya nini? Akarudi ndani, akazungusha kirekebisha mwendo mpaka mwisho, ili anionyeshe kazi yake ilivyo imara. Ile tik, tik ikawa ta-ta-ta-ta.

Mwanangu, mpaka leo nikifika hapa damu inachemka. Kuingia sikuweza, mzee ameketi. Kunyamaza sikuweza pia. Nikaweka ungo chini, nikaenda barazani kwenye meni swichi, ile kubwa ya nyumba nzima, nikaizima. Tap! Redio ikakata katikati ya mpira, na wanaume wote wakatoka kama nyuki, mzee tu akabaki kitini na wewe. Mmoja aliuliza mimi ni mkamwana wa aina gani, kumzimia umeme baba mkwe nyumbani kwake. Nilisimama mbele ya meni swichi, mgongo ukutani, nikimwangalia kuku.

Hapo bibi yako akaingia uani na mzigo wa kuni kichwani. Hakuushusha. Akauliza kuna nini, akaelezwa na watu wanne kwa pamoja. Akasogea mpaka mlangoni, akatazama juu kwenye dari, akatazama kiti, akakutazama wewe. Kisha akamwambia mume wake, polepole, "Baba Ambakisye, heshima haishikilii pangaboi. Inuka na mtoto."

Babu akainuka.

Mabawa yalipotulia, Ambakisye akapanda mezani, amekasirika, akitaka kutuumbua. Akashika shina la pangaboi alitikise mara moja. Likamjia lote mikononi, na kipande cha dari pamoja nalo, akayumba nalo mpaka jirani akamdaka. Alikuwa ameifunga ndoano kwenye ubao laini wa dari badala ya boriti. Hakuna aliyecheka. Babu yako alikuwa amesimama uani, amekukumbatia kifuani kwa mikono miwili, na alikaa hivyo mpaka baba yako aliporudi.

Basi shika haya. Pangaboi hufungwa kwenye boriti au chuma cha paa, si kwenye ubao wa dari. Likianza kuyumba, zima kwanza. Mara nyingi ni skrubu zimelegea au bawa limepinda, lakini usikae chini yake ukisubiri kujua. Likinguruma bila kuzunguka mpaka ulisukume kwa mpini wa ufagio, usifanye mchezo huo kila siku kama ninavyowaona watu. Kapasita yake, inayolipa nguvu ya kuanza kuzunguka, imechoka, na ni kitu kidogo, fundi anabadilisha. Swichi inayolia kama mafuta ya kukaangia, au inayokutekenya ukuta ukiwa na unyevu, usiizoee. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Soketi ikikataa kufanya kazi, jaribu kwanza kifaa hicho kwenye soketi nyingine, huenda kilichokufa ni chaja. Kikata umeme kikijishusha, chomoa vitu, kirudishe mara moja. Kikishuka tena kiache, kinakuambia jambo. Soketi ikiwa ya moto au imeweka weusi, usiichomekee pasi tena; nyaya zimelegea ndani au umeibebesha mzigo kupita kiasi. Na kabla hujafungua hata kifuniko, zima meni swichi. Usiridhike kwamba taa imezimika kwa swichi yake, kwa sababu wapo mafundi wanaoiweka swichi ikate waya wa kurudi badala ya ule wenye umeme, taa inazima na umeme bado upo palepale. Pima kwa testa, ile bisibisi yenye kitaa, kisha umwite anayejua. Mtu akinaswa usimshike. Kimbilia meni swichi. Lile tundu la juu la soketi ni la waya wa ardhi, likisukumwa ndipo yale mawili ya umeme yanafunguka. Ndiyo maana kijiti chako jana kilinitoa akili. Kesho tunanunua adapta.

Na la mwisho, ambalo si la umeme. Ukiona hatari, sema. Mwambie mkubwa kwa adabu, mwambie kwa kupitia kuku ikibidi. Asiposikia, zima, halafu ulaumiwe ukiwa hai.

Mwaka jana tulirudi Isongole. Nilikuwa uani palepale. Babu yako akakohoa ndani, akasema, "Kuku, swichi ya chumbani kwangu inalia tangu juzi. Hebu muulize mgeni, tufanyeje?"

Nikamwambia kuku, "Azime meni swichi, asiiguse mpaka fundi aje."

Nikasikia kiti kinasogea. Mzee akatoka kwa mlango wa mbele, akaenda barazani mwenyewe, akazima.

Mungu akulinde, mwanangu, uijenge nyumba yako, na siku nikija kuwa mzee kitini, uwe na mke asiyeogopa kunizimia umeme.