Mwamvita na Vijana wa Furu

Muke wangu Mwamvita alikuwa anapika mikate hapa Kasongo, nyuma ya soko. Furu ya kuokea mikate tuliijenga wenyewe, kwa matofali na udongo. Mikono yake ilikuwa na alama za moto mupaka kwa viwiko. Alifariki kabla ya Ramadani.

Kusimamia vijana wa kazi, hakuna mutu aliyemufundisha. Kwa wengine vijana wanashika kazi kidogo, kisha wanakimbilia Lusangi kuchimba zahabu. Kwake walikaa. Watu waliniuliza kama anawapa dawa.

Dawa haikuwako. Alikuwa na desturi yake. Mutu akiunguza mikate, haondolewi kwa moto. Kesho yake ni yeye tena anayewasha, yeye peke yake, na hakuna wa kumusimamia mugongoni.

Nakumbuka Zuberi. Alitoka Wamaza, kijana mukubwa, mukimya. Siku ya harusi ya jirani, aliunguza mikate yote. Dieudonnée, binti anayekanda unga, akaanza kumucheka kwa jina la makaa:

"Ee, Bwana Makala! Leo bibi harusi atatafuna makala?"

Zuberi akavua nguo ya kazi, akaitundika.

"Unaenda wapi?" Mwamvita akamuuliza.

"Nyumbani, mama. Nimeharibu."

"Na kesho nani atawasha?"

"Mwengine."

"Mwengine hajui moto huu unamudanganya mutu wapi. Wewe sasa unajua." Akamugeukia Dieudonnée. "Na wewe, funga kinywa. Mikate yako ya juzi ilikuwa matofali. Tulikula, tukanyamaza."

Wakacheka wote, hata Zuberi. Harusi ile ilikula muhogo. Asubuhi, kabla ya adhana, Zuberi alikuwa kwa furu.

Kisha miguu ya Mwamvita ikavimba. Nilimutandikia kitanda karibu na dirisha. Alikuwa anasikia harufu ya mikate, anasema:

"Moto umekuwa mukali. Mumuambie Zuberi... Hapana. Musimuambie kitu. Ataona mwenyewe."

Kitu alichoniomba ni kimoja. "Baba Asma, hawa vijana wasitawanyike."

Akaenda.

Wakati wa kilio sikutoka kwa mukeka. Furu aliishika Kamaldine, mutoto wa dada yangu. Si mutu mubaya. Alikuwa anasimamia wabeba mizigo kwenye bandari ya Kindu. Kule mutu anakuja leo, kesho haumuoni, na usipopiga kelele boti inaondoka tupu.

Zuberi akaunguza tena. Mutu aliyefiwa, macho yake hayako kwa kazi. Kamaldine akapandisha sauti mbele ya wanunuzi:

"Toka kwa moto! Dieudonnée, shika wewe."

"Sishiki. Kesho ni yake."

"Kesho ya nani? Hapa nani iko patroni?"

Zuberi akavua nguo ya kazi. Safari hii hakuna aliyemuuliza anaenda wapi.

Niliposikia, nikamuita Kamaldine, nikamueleza desturi ya marehemu. Akashika kichwa.

"Mujomba, mbona hakuna aliyeniambia?"

Kweli, hakuna. Sisi wote tuliona ni kitu kinachojulikana. Nikamushukuru, akarudi Kindu.

Zuberi alikuwa amekimbilia Lusangi. Nikapanda pikipiki mupaka kule. Nilimukuta Zuberi kwenye kijito, anaosha muchanga wa zahabu. Akanawa, akanisalimia kwa mikono miwili.

"Kamaldine amekwenda," nikamuambia. "Moto ni wako. Dieudonnée anasema hatakuita tena Makala."

Akacheka kidogo. "Huyo? Ataniita tu."

"Basi twende."

Akatazama maji.

"Baba, kule nilikuwa nafanya kazi ya mama. Nikifanya vizuri, anaona. Nikiharibu, anaona. Sasa nikirudi, nani ataona?"

Nilitaka kumuambia: mimi. Lakini mimi mikate siijui. Nilikuwa namujua tu Mwamvita, aliyeipika. Singemudanganya mutoto wa watu.

"Mungu akulinde," nikasema.

"Amina, baba. Pole tena."

Njiani mvua ilinipiga. Nilipofika, Dieudonnée alikuwa amesimama kwa mulango wa furu. Aliniona nashuka peke yangu, akaelewa. Akaniletea kitambaa nijipanguse. Nikamuuliza kama naye ataondoka.

"Sijui, baba," akasema. "Mwezi huu, hapana."