Udongo wa Bondeni

Udongo mbichi una harufu yake, na msimu tuliohamia kijiji cha ujamaa nyumba yetu nzima ilinuka hivyo. Tulikuwa tumeacha tembe letu la zamani, tukajenga haraka haraka kijumba cha miti na udongo, mlango ukitazamana na milango ya watu tusiowajua. Mama alikionea aibu. Aliposikia kwamba ndugu za mchumba wa dada yangu Maria wanakuja kutoka Ihanja kuleta posa, alisema hawatamkuta mwanawe kwenye kuta zenye nyufa.

Tukachota udongo sehemu mbili, kwenye kichuguu na bondeni. Mama akapaka viraka viwili ukutani, vilipokauka akarudi nyuma kuvitazama. Mimi niliona rangi moja tu, kahawia nzito. Maria alivipapasa.

"Mama, huu wa kichuguu unashika vizuri."

"Lakini wa bondeni umekolea," mama akajibu. "Nataka chumba kionekane cha watu."

Tukapaka wa bondeni. Chumba kilipendeza kweli, kikawa na weusi wenye wekundu kwa mbali, hata majirani wakaja kuchungulia.

Wageni walikula ugali wa uwele na kuku. Shangazi wa mchumba, mwanamke mnene aliyevaa gauni jeupe la kanisani, aliegemea ukuta akizungumza kwa raha zake. Alipoinuka kuaga, mgongo wote ulikuwa umechafuka kama wa mtu aliyeanguka zizini. Mtu mmoja akacheka. Mama alipiga magoti, akaanza kumpangusa kwa pindo la khanga yake, na kila akipangusa, doa lilizidi kutanuka. Hakuacha. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

"Basi, dada yangu, inatosha," shangazi alimwambia taratibu. Kisha akamgeukia Maria. "Gauni hili utanifulia wewe, ukishafika kwetu."

Watu wakacheka tena, safari hii kwa furaha, na posa ikakubaliwa. Baada ya mavuno Maria aliolewa, na kwa shangazi huyo alipendwa sana. Mama peke yake hakucheka siku ile, wala baadaye tulipoisimulia.

Sasa nyumba yangu ya Mandewa ina kuta za saruji na rangi ya dukani isiyotoka hata kwa maji. Mama alipozeeka nilimchukua akae nami. Kila akiingia sebuleni alikaa katikati kwenye kigoda, mgongo umenyooka.

"Egemea, mama, upumzike," nilimwambia.

"Nimezoea hivi," alijibu, akavuta kigoda mbele kidogo.